Vifaa vya lazima kwa tangi la kwanza la maji ya chumvi
Ndugu, umeuliza kama tangi lako la lita 100, lenye samaki wachache bila matumbawe, linahitaji kichujio cha povu (protein skimmer, kifaa kinachotoa uchafu kwenye maji kwa kutumia mapovu) na taa za bei kubwa. Kwa maoni yangu vyote viwili vinaweza kusubiri, mradi ubadilishe takriban asilimia 10 ya maji kila wiki. Visivyosubiri ni hita na kipimajoto, pampu ya kuzungusha maji, mawe yenye bakteria wanaobadilisha amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, vipimo vya amonia na nitriti, na hasa refraktomita (kifaa cha kupima kiwango cha chumvi majini), kwa sababu maji yanapogeuka mvuke chumvi hubaki, na kipimo kinachotakiwa cha 1.025 (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji safi) hupanda kimyakimya usipojazia maji safi yasiyo na chumvi (wengi hujazia ya chumvi, wakazidisha tatizo).