Baridi Yabisi Haiishii Kwenye Vidole

Mtu mwenye baridi yabisi huulizwa kliniki habari za vidole, magoti na vifundo vya miguu. Ni nadra kuulizwa kama bado ana hamu ya kukaa na watu, kama husoma ukurasa mzima akafika mwisho bila kukumbuka alichosoma, au kama machozi humlengalenga bila sababu anayoweza kuitaja. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga na ninaishi na ugonjwa huu. Katika miaka ya mwanzo kushika chaki kulikuwa kazi, lakini kusahau katikati ya somo nilichotaka kusema kulinitisha zaidi. Ushauri wangu kwa anayepitia hali hiyo ni kwamba huzuni, uchovu na uzito wa akili avipeleke kwa daktari pamoja na vidole vilivyovimba, kwa kuwa mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa uleule.

Ninazungumzia baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia utando wa ndani ya maungio, wala si kila maumivu ya goti yanayoitwa hivyo mtaani. Magoti ya mzee aliyebeba mizigo maisha yake yote huwa yamesagika, na jongo husababishwa na tindikali ya yuriki kujikusanya kwenye kiungo. Baridi yabisi niisemayo hupenda viungo vidogo vya mikono yote miwili, humwamsha mtu akiwa amekakamaa kwa saa nzima au zaidi, na huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume.

Katika mashambulizi hayo seli za kinga hutoa kemikali ziitwazo saitokini, mojawapo ikiwa ile inayojulikana kwa herufi TNF. Kemikali hizo hazibaki kwenye kidole. Huzunguka na damu, na taarifa zake huufikia ubongo kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na viungo vya kifuani na tumboni, na kupitia sehemu chache ambako ukuta unaotenganisha damu na ubongo ni mwepesi. Aliyewahi kuugua malaria anaijua kazi ya kemikali hizo: chakula hakiliki, mwili unataka kulala tu, sauti za watoto zinakera, na mgeni akibisha hodi unatamani aondoke. Malaria ikitibiwa, siku chache baadaye hali hiyo hupita. Baridi yabisi isiyodhibitiwa huiacha iendelee kwa miezi, na hapo ndugu huanza kusema kwamba fulani amebadilika tabia, amekuwa mvivu au amepungukiwa na subira.

Utafiti ninaoutaja kila ninapoambiwa kwamba ni mawazo tu ulitoka Erlangen, Ujerumani, mwaka 2011. Wagonjwa wa baridi yabisi walipewa dawa ya kuzuia TNF, na picha za ubongo zikaonyesha kuwa sehemu zinazoshughulikia maumivu zilitulia ndani ya saa 24, kabla uvimbe wa viungo haujapungua. Mwaka 2013, watafiti waliojumlisha tafiti nyingi walikadiria kuwa takribani asilimia 17 ya wagonjwa wa aina hii walikuwa na sonona kamili kwa vigezo vya kitabibu. Hata hivyo, kemikali tusizitwishe lawama yote. Mwaka huohuo, dawa ileile ilijaribiwa kwa watu wenye sonona sugu na kwa ujumla haikuishinda dawa bandia, yaani ile isiyo na kitu ndani inayotumika kulinganishia. Walioelekea kunufaika ni wale ambao kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha kiasi cha uvimbe mwilini, kilikuwa juu. Usingizi wa mang'amung'amu, kipato kilichopungua na aibu ya kumwomba mtoto akufunge vifungo vya gauni navyo vina mchango wake.

Kwa hiyo yapange maneno kabla ya kuingia kwa daktari. Ukisema umechoka, huenda akaandika uchovu na kuendelea na vidole. Mweleze kwa vitendo: nimeacha kuhudhuria vikao vya upatu, ninasahihisha daftari lilelile mara mbili, mapishi niliyoyazoea yananichanganya. Lipo pia dodoso la kupima dalili za sonona liitwalo PHQ-9, lililotafsiriwa na kuthibitishwa kwa Kiswahili, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Jumla ikifika 10 au zaidi kati ya 27, hilo ni jambo la kuzungumza na mtaalamu. Ninapendekeza lijazwe karibu na siku ya kipimo cha damu ili majibu yote mawili yasomwe kwa pamoja. Yakipanda na kushuka pamoja, daktari ana sababu ya kuitazama upya tiba ya maungio. Uvimbe ukiwa umetulia na huzuni imebaki, basi huzuni inahitaji tiba yake yenyewe, iwe ushauri nasaha au dawa. Wengi wetu tukisikia kliniki ya afya ya akili huwaza Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, na kunyamaza, ilhali hospitali nyingi za mkoa zina huduma hiyo na wanaopanga foleni pale ni watu wenye kazi na familia zao.

Dawa zenyewe pia huugusa ubongo. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, huzima uvimbe haraka, ndiyo maana hupendwa, lakini inaweza kukunyima usingizi, kukuchangamsha kupita kiasi kisha kukuangusha, na kwa dozi kubwa kuleta hata kuchanganyikiwa. Kwa kawaida humezwa asubuhi. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla, kwani tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni ya mwili, na udhaifu unaofuata unaweza kuwa wa hatari. Ndiyo maana naiogopa ile dawa ya unga isiyo na lebo inayotuliza viungo vyote kwa usiku mmoja. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na steroidi zilizochanganywa kwa siri. Metotreksati nayo, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, na kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mtu ambaye kumbukumbu imeyumba aiandike siku hiyo kwenye kalenda ya ukutani na mwenzake nyumbani aijue.

Kutembea kwa kiasi husaidia maumivu na moyo pia. Kukuna nazi nimewaachia wengine, wala sioni haya.

Yapo mambo yasiyosubiri tarehe ya kliniki. Baridi yabisi ya muda mrefu inaweza kulegeza kiungo cha juu cha shingo kikabana neva za uti wa mgongo. Shingo ikiuma pamoja na ganzi mikononi, miguu ikikosa nguvu au mkojo ukishindwa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukichanganyikiwa ghafla, ukipata degedege au mdomo ukipinda. Mawazo ya kujiua yakija, mwambie mtu aliye karibu saa hiyohiyo, akusindikize hospitali, na dawa zote za nyumbani azitunze yeye.