Leso Iliyokwisha Kupindwa

Kila Jumamosi alasiri nakaa na vijana wanaopenda kuandika hadithi, barazani kwetu hapa Mombasa. Kazi yangu ni kuwapa kichocheo, sentensi mbili tatu za kuwatia hamu, kisha kila mmoja anainamia daftari lake kwa nusu saa.

Mwanzo nilikosea sana. Nilikuwa nawapa mada. "Andikeni kuhusu mapenzi ya mama." Waliandika tisa, nami nikasomewa mama yule yule mara tisa: anaamka alfajiri, anauza mahamri, anakufa ukurasa wa pili. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Mada pana haina pa kushika, na asiye na pa kushika hushika maneno aliyokwisha kuyasikia. Kumbuka insha za mtihani wa sekondari: swali la methali lilikupa jibu kabla hujaanza, sote tukijua mwenye pupa ataumia. Lakini lile la "Andika kisa kitakachomalizika kwa maneno haya" lilikuacha utafute njia mwenyewe.

Kilichonifungua macho ni leso. Nilikuwa Mtaa wa Biashara, nikamsikia mwenye duka akimwambia mteja kuwa doti, yaani leso mbili zilizoshikana, ikishakatwa na kupindwa hairudi. Nikaja nyumbani na hiki:

"Mwanamke amerudi dukani na leso iliyokwisha kukatwa na kupindwa. Anataka abadilishiwe. Mwenye duka anasoma jina, anaikunja, anampa nyingine bila kuuliza neno."

Jina lenyewe sikuwaambia. Leso ina pindo la pembeni, ina mji wa katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, na jina ndilo linalosema yale ambayo mtu hawezi kumwambia jirani au mkemwenza uso kwa uso. Kila kijana ilimbidi atunge jina lake, na alipolipata alikuwa ameshajua nani kamuudhi nani, tangu lini, na kwa nini mwenye duka hakubisha. Binti mmoja aliandika kwa sauti ya fundi aliyeipinda leso ile, fundi asiyejua kusoma. Alipomaliza kutusomea, baraza zima lilinyamaza.

Tangu siku hiyo natafuta mtu, kitu kilicho mkononi mwake, na jambo analolifanya. Sababu naiondoa, maana sababu ni mali ya mwandishi. Hata neno "mwenye huzuni" nalifuta, kwa kuwa nikishasema mwanamke yule ana huzuni, nusu ya hadithi nimeiandika mimi.

Vitendawili navyo ni hazina, ila wakataze wasitegue. "Nyumba yangu haina mlango." Sote tunajua ni yai. Liache yai, waingize ndani ya nyumba hiyo. Aliyejenga alikuwa anamficha nani? Chakula kinapitia wapi? Mgeni akija anabisha hodi wapi?

Na simu za watu njiani, unaposikia upande mmoja tu. Nimewahi kusikia, "Nishafika, lakini usimwambie kama niko huku." Chukua maneno, mwache mwenyewe na siri yake: badilisha mahali, badilisha umri, asijitambue.

Kabla hujampa mtu kichocheo, kiandikie mwenyewe dakika kumi. Kikikupeleka moja kwa moja mwisho, kibovu. Kisha wape watu wawili. Wakileta kisa kimoja, umewapa jibu badala ya swali. Kifute ukitunge upya.

Jumamosi hii nitawapa hiki:

"Feri imefika Likoni na watu wote wameshuka, isipokuwa mzee mmoja aliyekumbatia kuku. Amevuka mara nne tangu asubuhi. Waendao kwa miguu hawalipi nauli, kwa hivyo hakuna aliyemuuliza."

Nimekijaribu jana usiku. Kuku ni wa nani, nimeshajua. Kinachomzuia mzee kushuka, bado.