Boila inavuta hewa, nifunge Tigerloop?

SWALI: Fundi habari, mi niko kijijini huku Northern Ireland, boila yetu ya mafuta ya taa inazimazima, taa nyekundu inawaka, nikibonyeza kitufe inaunguruma kidogo halafu basi tena. Tenki liko bondeni, chini kuliko boila, na bomba ni moja tu. Jirani kasema nifunge Tigerloop, kile kifaa cha kutoa hewa kwenye mafuta, naweza mwenyewe?

JIBU: Salama kaka, na pole kwa baridi. Jirani yuko sahihi nusu, maana pampu ikivuta mafuta kutoka chini hewa hujitenga kwenye bomba na moto unakatika, sasa hicho kifaa kinapokea mafuta kwa bomba moja kutoka tenki halafu mipira miwili inaenda kwenye pampu, mmoja wa kupeleka na mmoja wa kurudisha, hewa inatokea juu na mafuta yanazunguka hapohapo bila kurudi tenki. Lakini kwanza kagua nati na filta, kama bomba linanyonya hewa mahali Tigerloop itaficha ugonjwa tu.

Kufunga kwenyewe, kifunge nje ukutani na sio ndani, filta itangulie. Pampu lazima uiweke skrubu ya baipasi, ile inayoziba njia ya ndani ili mafuta yanayozidi yatoke kwa mpira wa kurudisha, ndo ifanye kazi kwa mipira miwili, na hapa watu wanaharibu sana: ukiweka skrubu halafu mpira wa kurudisha umeziba, sili ya pampu inapasuka na mafuta yanamwagika. Vali ya moto, ile inayokata mafuta moto ukizuka, usiiguse kabisa. Binafsi ningemwita fundi aliyesajiliwa OFTEC, shirika linalosajili mafundi wa boila za mafuta, atakupimia na moshi palepale.