Maswali na majibu: Mlima wa Geislingen juu ya meza

Nina ubao wa plaiwudi wa mita 2.4 kwa sentimita 60. Nilisoma Ujerumani na treni za huko hazijanitoka moyoni. Nataka kujenga reli ndogo ya mfano juu yake. Nitengeneze sehemu gani, ili mtu aliyewahi kupita hapo apatambue? (Nairobi)

Usitengeneze Ujerumani, ndugu yangu. Tengeneza mahali pamoja. Wengi huweka kanisa la Bavaria, daraja la Rhein na stesheni ya mjini kwenye ubao mmoja, na mwisho wake hakuna anayejua yuko wapi.

Kwa ubao wako mimi ningechagua Geislinger Steige, mlima ulio kwenye reli ya kati ya Stuttgart na Ulm. Mhandisi Michael Knoll ndiye aliyeipandisha reli hapo, na treni zilianza kupita mwaka 1850. Kutoka Geislingen hadi Amstetten ni kilomita 5.6 tu, lakini katika hizo treni hupanda mita 112. Upande mmoja umeegemea mlima wenye msitu na mawe meupe ya chokaa, upande wa pili bonde linashuka. Mji wa Göppingen, nyumbani kwa Märklin, kiwanda cha treni ndogo za mfano, uko kwenye njia hiyo hiyo, kwa hiyo treni zilizowapa watengenezaji mfano zilikuwa zikipita mlangoni kwao.

Sasa hesabu. Mlima mzima kwa skeli ya H0, yaani 1:87, unahitaji meza ya mita 64. Kwa skeli ndogo zaidi ya N, yaani 1:160, unahitaji mita 35. Wewe una mita 2.4, ambazo kwa N ni kama mita 384 za kweli. Zinatosha kabisa. Chukua kipande cha katikati ya mlima, kisicho na stesheni wala nyumba: njia mbili za reli, ukuta wa mawe, msitu, na kona moja iliyolegea. Kona za pale zina nusu kipenyo cha takriban mita 300, ambayo kwa N ni karibu mita 1.9. Kona ya namna hiyo hutaiona kwenye boksi la reli za kuanzia, na ndiyo itakayomfanya mgeni anyamaze treni ikipita. Kona kali zifiche nyuma ya msitu.

Kuna jambo moja linalonifurahisha kila nikilifikiria. Urefu tunaupunguza mara 160, miti tunaipunguza, mabehewa tunayapunguza, ila mwinuko haupungui. Mwinuko wa Geislingen hufikia milimita 22.5 kwa kila mita. Wako pia upande milimita 22.5 kwa kila mita, yaani sentimita 5.4 kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, kisha njia iliyofichwa nyuma irudi chini kwa kiasi hicho hicho. Hapo hujaigiza kitu, mwinuko ni ule ule. Ila usianze kupanda ghafla: mwanzo na mwisho wa mwinuko pinda taratibu, la sivyo kichwa cha treni kilicho kirefu kitaning'inia magurudumu hewani.

Na tafadhali, treni za Ujerumani kwenye njia mbili hupita kulia. Sisi tuliozoea barabara za kushoto hukosea hapo bila kujua.

Nina kichwa chekundu cha kisasa, mabehewa ya miaka ya 1960 na injini moja ya mvuke. Je, naweza kuviendesha pamoja? (Arusha)

Chumba ni chako, viendeshe. Lakini ukitaka picha ya kweli, chagua mwaka, tena ukiweza chagua na mwezi. Mlima huu uliwekewa umeme mwaka 1933, kwa hiyo ukichagua mwaka wowote baada ya hapo nguzo na waya lazima viwepo. Tangu Januari 1968 vichwa vya reli ya Ujerumani Magharibi vilibadilishiwa namba: kichwa cha umeme cha aina ya E 94 kikawa 194. Namba ubavuni tu inakuambia kama ni kabla au baada ya hapo.

Mimi ningesimama mwaka 1975, majira ya vuli. Kichwa cha aina ya 103, kilichojengwa kwa kilomita 200 kwa saa, kinapanda na mabehewa ya rangi nyekundu na maziwa kwa kilomita 70 tu, kwa sababu kona hazikubali zaidi. Nyuma yake zinakuja treni za abiria wa karibu zenye mabehewa ya chuma kinachong'aa, halafu mizigo. Kwa N, kilomita 70 kwa saa ni sentimita 12 kwa sekunde. Chukua saa: treni yako itumie sekunde 20 kuvuka ubao. Wengi wanaendesha mara tatu ya hapo, na hata modeli ya bei kubwa inaonekana mchezo wa mtoto.

Nasikia huko mlimani treni za mizigo zilisukumwa kwa nyuma. Nimejaribu, mabehewa ya katikati yanaruka nje ya reli. (Dodoma)

Umegusa moyo wa mahali penyewe. Treni nzito ilisimama Geislingen, kichwa cha pili kikaja nyuma, vikapanda pamoja hadi Amstetten. Kule juu msukumaji aliachwa, akarudi peke yake chini kusubiri mwingine. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na 194, kile kichwa kirefu cha kijani chenye pua mbele na nyuma na magurudumu sita ya kuendesha kila upande. Kwa N kina sentimita 11.6 tu.

Hata mimi mara ya kwanza niliangusha mabehewa saba bondeni. Kosa lilikuwa mbio. Anayevuta na anayesukuma lazima wawe na mwendo mmoja, na wa nyuma apungue kidogo, asizidi kamwe. Kama una mfumo wa kidijitali, viendeshe vichwa vyote viwili peke yao mezani, kila kimoja kwa hatua ile ile ya kidhibiti, mpaka visiachane. Kisha angalia uzito: behewa tupu la plastiki ni jepesi mno, libandike chuma kidogo sakafuni, na mabehewa mazito yawe mbele. Msukumaji mwondolee kulabu ya mbele, aguse tu, ili kule juu asimame na treni iende zake.

Miti na majani ya dukani bei yake inaniumiza. Naweza kutumia vya hapa? (Dar es Salaam)

Unaweza, na mara nyingi ni bora. Kwanza urefu, maana hapo ndipo msitu wa wengi unapoharibika. Mti mkubwa wa msituni una mita 25 na zaidi. Kwa N hiyo ni sentimita 16. Miti ya dukani mara nyingi haifiki nusu yake, kwa hiyo mlima unageuka kuwa bustani.

Chukua waya mwembamba wa kufungia nondo, kata vipande ishirini, visokote pamoja viwe shina, kisha viachanishe juu viwe matawi. Paka gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na unga wa mbao, halafu rangi ya kijivu. Shina la mti uitwao Buche kwa Kijerumani, unaotawala misitu ya Alb, yaani milima ile ya Geislingen, ni la kijivu laini. Ukilipaka kahawia umeupoteza. Matawi yafunike kwa nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kuchambuliwa mpaka ziwe kama pamba, kisha nyunyiza majani ya chai. Chai iliyokwisha kunywewa, iliyokaushwa juani siku mbili na kupitishwa kwenye chujio, ina rangi ya vuli ambayo hakuna kopo la rangi linaloipata. Iache ikauke kabisa, la sivyo itaota ukungu.

Kokoto za reli nazo zipime. Jiwe la kweli lina kama sentimita 3 hadi 6. Kwa N ni chini ya nusu milimita. Huo ni mchanga. Upitishe kwenye soksi nyembamba ya kike, uoshe, uukaushe, upange kwa brashi kati ya mataruma. Pulizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi iliyozimuliwa kwa bomba la sindano. Ukidondosha gundi kabla ya kulowesha, mchanga utajikunja kuwa vidonge na utalia.

Treni inasitasita kila asubuhi. (Mombasa)

Ni hewa ya bahari na vumbi. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti isiyo na mafuta, na magurudumu pia. Usitumie msasa, kwani mikwaruzo yake ndiyo itakayohifadhi uchafu wa kesho. Usiku funika kwa shuka.

Wajerumani walijenga reli na huku kwetu. Kwa nini nihangaike na Geislingen badala ya Mombo? (Tanga)

Usihangaike, jenga Mombo! Reli ya Usambara ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Ni ya upana wa mita moja, kwa hiyo kwa skeli ya H0 unahitaji njia ya milimita 12, ambayo wenye fani huiita H0m. Njia ya skeli ya TT, yaani 1:120, ina upana huo huo, lakini mataruma yake yamebanana mno. Yakate, uyaachanishe mwenyewe.

Wewe una kitu ambacho mimi na Geislingen yangu sina: unaweza kwenda na futi kamba, ukapima tuta, ukapiga picha ya jiwe, ukamuuliza mzee wa pale mwembe ulikuwa upande gani. Nenda saa kumi jioni, jua likiwa chini, vivuli vinaonyesha vizuri umbo la ardhi. Nitumie vipimo, nitakusaidia kuvigawa kwa 87.