Punda wasio na mzigo

Swali la wiki lilikuwa hili: "Ukisafiri peke yako kwenye kisiwa cha mbali, unapata nini ukitoka nje ya njia ya watalii?" Nadhani aliyeuliza alitarajia tumjibu habari za utulivu. Mimi utulivu sikuupata.

Nilikwenda Sri Lanka kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza nilifuata njia ya wote: Kandy, treni ya milimani hadi Ella, mwamba wa Sigiriya. Ni pazuri, sibishi. Lakini huko aliye peke yake huachwa peke yake. Unaonyeshwa meza ya pembeni, unakula, unalipa, mwingine anakaa. Kaskazini-magharibi, kwenye kisiwa kidogo cha Mannar, hakuna aliyeniacha dakika tano.

Nilipanda treni ya usiku kutoka Colombo kwenda Talaimannar, kisiwani humo, daraja la tatu. Reli hiyo iliharibiwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1983 hadi 2009, na treni zilifika tena mwisho wa njia mwaka 2015. Kabla hatujafika Medawachchiya nilikuwa nimekwisha kuulizwa natoka wapi, nina miaka mingapi, nimeoa au bado, na mamangu amekubalije nije huku bila mtu. Mzee mmoja, baada ya kusikia majibu yote, alinipa nusu ya mkate wake kama mtu anayemhurumia yatima.

Mannar ni nchi ya Watamili: Wakatoliki, Wahindu na Waislamu. Kijana wa rika langu huitwa "thambi", yaani mdogo wangu wa kiume, na linatamkwa karibu sawa na tambi zetu. Asubuhi ya kwanza mama wa nyumba niliyofikia alinisukumia sahani ya idiyappam, nyuzi za unga wa mchele zilizopikwa kwa mvuke, akasema "Kula, thambi." Nilicheka peke yangu na sikuweza kumweleza kwa nini.

Jikoni kwake kulikuwa na mbuzi. Mbuzi wa kukunia nazi, ninasema: kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, kama cha nyanyangu. Nikaomba nimkunie. Kwetu Lamu mwanamume akikalia mbuzi, mtaa mzima utapata habari kabla ya adhuhuri. Pale nilikuwa mgeni tu, nikakuna nazi mbili, na majirani wakaja kutazama. Kumbe habari ni zile zile. Nazi yenyewe ilisagwa na pilipili, vitunguu na ndimu, ikawa sambol. Ukiila na vile vibibi vyao vyembamba vya mchele na tui, kingo zake kavu na kati laini, utasahau kuulizia mkate.

Halafu punda. Mji wa Mannar umejaa punda: wamelala katikati ya barabara, wamesimama kituo cha basi, wanapekua mapipa ya taka. Wenyeji husema waliletwa na wafanyabiashara wa Kiarabu zamani. Wengi hawana mwenyewe na hawana kazi. Kuna hata kliniki ya kuwatibu, kama kwetu. Mimi nimekua nikiona punda akibeba mawe ya matumbawe, saruji na mitungi ya maji, na methali yetu inasema punda afe mzigo ufike. Nilimtazama mmoja aliyekuwa akila boksi la biskuti mbele ya duka, na nakiri nilipata hasira kidogo kwa niaba ya punda wa Lamu.

Mbuyu wa Pallimunai uko mwendo mfupi kutoka mjini. Shina lake lina mzingo wa zaidi ya mita 19, na inasemekana nao uliletwa na Waarabu kutoka Afrika. Watalii wengi wangepiga picha moja na kuondoka. Mimi nilikaa chini yake saa nzima, na watoto wakaniuliza kama kwetu kuna mti kama huo. Nikawaambia ubuyu wake tunaukoleza sukari na rangi nyekundu tukauuza kwenye vifuko. Sidhani waliniamini.

Yasiyopendeza nayo yapo. Joto la mchana ni kali. Mabasi hayasemi yatafika lini. Maswali yale ya treni yalinifurahisha mimi mwanamume. Dada akisafiri peke yake huenda angeyachoka mapema, na bora afikie nyumba yenye familia. Siku ya mwezi mpevu, wanayoiita poya, ni sikukuu kila mwezi, maduka mengi hufungwa. Na usikae kiti cha mbele cha basi! Nilikikalia kwa raha nikirudi kusini, nikidhani wanaonipungia mikono wananisalimu, hadi mtawa wa Kibudha alipopanda na kondakta akaninyanyua kwa bega. Viti hivyo ni vya viongozi wa dini.

Nilishuka Puttalam. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika pwani hiyo miaka kumi na tatu baadaye. Mimi nilifuata kijiji kilicho karibu, Sirambiadiya, wanakoishi wazao wa Waafrika waliochukuliwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno, na baadaye Waholanzi na Waingereza, kama watumwa na askari. Nchini humo wanaitwa Kaffir na wenyewe hawalioni kuwa tusi. Mimi niliyelijua neno hilo chuo cha Kurani, ulimi ulikataa kulitamka.

Kina mama watatu waliniimbia manja, nyimbo zao za jadi, barazani, wakipiga ngoma, vifuu vya nazi na kijiko. Wimbo unaanza taratibu, halafu unashika kasi. Maneno ni Kireno kilichochanganyika, wanayoyarithi bila kuyazungumza. Nyumbani husema Kisinhala. Walipomaliza, mkubwa wao aliniuliza kupitia mjukuu wake: hii ni lugha yenu?

Nikamjibu hapana, sikushika hata neno. Alisikitika, niliona. Tukakaa kimya, kisha akafungua kitambaa kichwani kujifuta jasho, nami kwa kutaka kusema chochote tu nikauliza hicho wanakiitaje.

"Lensuwa," akasema.

"Sisi tunaita leso."

Akanyoosha kidole kwenye meza. "Mesaya."

"Meza," nikasema.

Alimwita mjukuu alete korosho, aone na hizo tunaziitaje.