Kwa nini mtu anunue treni ya Z wakati HO ipo?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anunue kichwa cha treni ya mfano cha skeli ya Z, kinachoenea kiganjani, wakati kwa bei hiyohiyo, pengine hata chini yake, angepata cha skeli ya HO, kikubwa na chenye kushikika. Wadau wengi wamekujibu kwamba ni shida ya nafasi. Nafasi imo, sikatai, mimi mwenyewe nimepanga nyumba ya vyumba viwili huku Ujerumani. Lakini wapo watu wenye magereji matupu na bado wanajenga Z. Hao nao wanakimbia nini?

Tuanze na hesabu. HO ni 1:87, yaani mfano ni mdogo mara 87 kuliko treni halisi; N ni 1:160, Z ni 1:220. Hii Z ilitolewa na kiwanda cha Märklin cha Göppingen, Ujerumani, mwaka 1972, upana wa reli milimita 6.5. Sasa chukua treni ya kawaida tu ya masafa marefu ya Ujerumani: kichwa cha umeme cha daraja la 103, kile chekundu na rangi ya krimu, kikivuta mabehewa sita ya mita 26.4. Jumla ni kama mita 178. Ukiileta kwenye HO inapita mita mbili. Mimi nimejengea juu ya ubao wa mlango wa ndani, sentimita 86 kwa 198. Yaani kwa HO treni hiyo haienei hata ikisimama tu! Kwa Z ina sentimita 81, mlango unabaki zaidi ya nusu.

Ndiyo maana viwanda vya HO vimezoea kukata urefu wa mabehewa ya abiria, ili yapite kwenye kona za mezani bila kuchekesha. Kwenye Z behewa hilohilo lina sentimita 12 kamili, halikupunguzwa kitu.

Ila kilichonivuta mimi hasa si treni, ni nchi inayoizunguka. Angalia miti. Msonobari wa mita 25 kwa HO ni karibu sentimita 29. Nenda kaangalie meza za HO kwenye maonyesho: misitu mingi ina miti ya kimo cha sentimita 10 hadi 15, na kando yake kuna kichwa cha treni, unaona kama reli imepita kwenye bustani ya miche. Kwa Z mti huo ni sentimita 11, unapanda mia moja kwenye kona moja ya ubao na bado una nafasi ya mto. Kilima cha mita 100 kinakuwa sentimita 45, kinasimama mezani bila kugusa taa. Kwenye ubao wangu stesheni imekaa upande mmoja, na sehemu kubwa iliyobaki haina reli yoyote zaidi ya ile moja inayopita bondeni. Treni inatoka, inapotea nyuma ya mlima, inatokea mbali. Ukiwa na HO unaitazama treni ukiwa kama umesimama kwenye jukwaa la abiria. Kwa Z uko juu ya kilima cha ng'ambo. Anayependa kupanga mabehewa, kurudi nyuma taratibu na kuunganisha moja moja, asije huku. Abaki HO au aende kubwa zaidi.

Gharama yake ni umeme. Kichwa ni chepesi, magurudumu yanagusa reli kwa sehemu ndogo mno, kwa hiyo vumbi ambalo HO inalikanyaga na kupita, Z inasimama juu yake. Reli zinafutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na alkoholi ya isopropili, mara kwa mara. Unywele wa paka ukijizungusha kwenye ekseli utautoa kwa kibano, chini ya lenzi, huku umebana pumzi. Vichwa vya zamani vikigoma mara nyingi ni mafuta yaliyoganda ndani. Safisha, kisha weka tone kwa ncha ya sindano, si kwa chupa. Na tafadhali sana: usiunganishe Z na transfoma ya Märklin ya HO. Ile inatoa mkondo geu wa volti 16, na ukibadili mwelekeo inapiga zaidi ya 20. Vichwa vya Z vya zamani vilitengenezewa volti 8 za mkondo mnyoofu, vya baadaye 10. Utanusa moshi kabla hujafika kwenye swichi.

Kuhusu T ya Wajapani, skeli ndogo kuliko Z, iliyoonyeshwa 2006, 1:450 na reli ya milimita 3: magurudumu yana sumaku ili yashike reli ya chuma. Ujanja mtupu, naupenda, ila kwa macho yangu inakimbia kama mende aliyewashiwa taa. Mimi ningeishia Z.

Sasa ile ndoto yako ya kujenga reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala. Hapo usinunue Z nzima, nunua reli zake tu. Reli ile ina upana wa mita moja. Milimita 6.5 mara 160 ni 1,040, kwa hiyo ukiweka mabehewa ya skeli ya N juu ya reli ya Z umekaribia kabisa; Ujerumani mtindo huo huitwa Nm. Kichwa cha mvuke cha reli hiyo, Garratt ya daraja la 59, zile 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock miaka ya 1950, ina urefu wa takriban mita 32, kwa hiyo kwako itakuwa sentimita 20. Kwa kuwa imejikunja sehemu mbili, itapita kona ambazo ungedhani haiwezi. Sijaiona ikiuzwa kwa skeli hiyo, itabidi uchonge mwili mwenyewe. Reli mpya ya SGR ni habari nyingine: milimita 1,435 gawa kwa 220 ni 6.52, Z yenyewe.

Kama uko Nairobi, Garratt namba 5918, Mount Gelai, imesimama makumbusho ya reli. Nenda na futi kamba, pima tangi la mbele na upana wa kibanda cha dereva, halafu weka vipimo hapa tuanze kuchora.