Maswali ya wasomaji: kusoma na kujitolea Chuo Kikuu cha Ghana

Barua kadhaa tulizopokea zinahusu jambo moja, yaani vijana wa Afrika Mashariki wanaopata nafasi ya kusoma kwa muda katika Chuo Kikuu cha Ghana, kilichopo Legon jijini Accra, na wanaotaka kutumia sehemu ya muda huo kujitolea. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, na nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Legon kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Wakala mmoja niliyempata mtandaoni anasema atanitafutia nafasi ya kujitolea kwa wiki sita, ama katika kituo cha watoto yatima ama katika shule ya msingi, kwa ada ya dola inayolipwa kabla ya kusafiri. Ada hiyo inazidi nauli yangu ya ndege. Je, nilipe? Na ninahitaji vibali gani? – Mwalimu mtarajiwa, Dodoma

JIBU: Ndugu mwalimu mtarajiwa, usilipe. Nafasi za aina hiyo zilibuniwa hasa kwa ajili ya vijana wa Ulaya na Marekani wanaotaka kuunganisha masomo, utalii na huduma katika safari moja. Bei yake ilipangwa kwa kuangalia mifuko yao, na mara nyingi anayeridhishwa ni yule aliyelipa, huku shule au mtoto anayetajwa kwenye tangazo akiambulia kidogo. Kama bado unavutiwa, mwombe wakala akueleze kwa maandishi ni kiasi gani cha fedha hizo kinachofika shuleni na ni nani pale shuleni aliyeomba mtu kama wewe. Jibu lake, au ukimya wake, utakutosha.

Kuhusu kituo cha watoto yatima nitakuwa mkali zaidi. Watoto wengi wanaolelewa katika vituo hivyo, nchini Ghana na kwingineko, wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na tangu mwaka 2006 serikali ya Ghana, kupitia Idara ya Ustawi wa Jamii, imekuwa na mpango wa kupunguza utegemezi wa vituo kwa kuwarudisha watoto katika familia zao au kuwakabidhi kwa walezi. Kituo kinachoingiza fedha kwa kila mgeni anayepokelewa kina sababu ya kutotaka watoto waondoke. Isitoshe, mtoto anamzoea mtu anayemlisha na kumsomea hadithi, kisha baada ya wiki sita mtu huyo anatoweka na kuja mwingine, na hali inajirudia hivyo hadi mtoto aache kabisa kumwamini mtu yeyote. Wewe unayesomea ualimu utakutana na saikolojia ya jambo hili darasani, na sidhani kama ungependa kuwa mfano wake.

Shule ya msingi si mbaya kwa kiwango hicho, ila fikiri kidogo kuhusu mahali unapokwenda. Tangu mwaka 1973 Ghana ina mpango wa huduma kwa taifa, ambapo wahitimu wa vyuo hutumikia kwa mwaka mmoja, na wengi wao hupangiwa shule. Kwa hiyo shule itakayokupokea huenda tayari ina kijana mwenye shahada, anayeijua mitaala ya huko na atakayekaa mwaka mzima. Halafu kuna suala la lugha. Sera ya elimu ya Ghana inataka watoto wa chekechea na wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya Kighana ya eneo lao, na Kiingereza kishike nafasi baadaye. Wenyeji wa asili wa Accra ni Waga, wenye lugha yao ya Kiga, lakini lugha ya Kitwi inasikika kila kona ya jiji, na bila lugha mojawapo ya hizo utakuwa unasimama mbele ya watoto wa miaka sita ukitabasamu tu. Wewe uliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili unajua vizuri thamani ya mwalimu anayeeleweka.

Ninachokushauri ni kwamba uende kama mwanafunzi kwanza. Wiki za mwanzo zitamezwa na usajili wa masomo, hosteli, kibali, na kuzoea njia kati ya Maktaba ya Balme na kumbi za mihadhara, kwa kuwa eneo la chuo ni kubwa na jua lake halina huruma. Ukishatulia, jitolee kupitia chuo chenyewe na kwa jambo ambalo tayari unaliweza. Jambo hilo unalo mdomoni. Kiswahili kimekuwa kikifundishwa Legon tangu miaka ya 1960, na leo kimo katika Idara ya Lugha za Kisasa, ambako wanafunzi wengi huanza bila kujua hata salamu na hawana mtu wa kuzungumza naye baada ya kipindi. Nenda ukajitambulishe kwa wahadhiri wa Kiswahili, uwaombe ruhusa ya kuendesha mazungumzo mara moja au mbili kwa wiki, na uwaache wao wapange yatakuwaje. Hakuna wakala anayeweza kukuuzia nafasi hiyo, na hakuna Mghana aliye katika huduma kwa taifa ambaye utakuwa unamnyang'anya kazi. Watakaokuja kuzungumza nawe ndio watakaokufundisha Kitwi, na muhula ukikaribia kwisha utaweza kwenda katika shule ya jirani na kumuuliza mwalimu mkuu anahitaji nini, badala ya kumwambia ulichokuja kutoa. Anaweza kukuomba upange upya vitabu vya maktaba au usahihishe madaftari. Pokea.

Kama unachotamani hasa ni huduma kwa jamii iliyo sehemu ya masomo yenyewe, basi ulipaswa kutazama kaskazini mwa Ghana. Chuo Kikuu cha Taaluma za Maendeleo, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye makao yake Tamale, kimejijengea jina kwa kuwapeleka wanafunzi wake wakakae vijijini kwa wiki kadhaa, wachunguze matatizo pamoja na wanakijiji na kuandika mapendekezo yatakayotahiniwa. Huko, kukaa kijijini si pambo la safari. Ukipata nafasi nyingine wakati wa shahada ya uzamili, ukumbuke mji huo.

Sasa vibali. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Ghana ilitangaza kwamba wenye pasipoti za nchi zote za Afrika wangeweza kuingia bila viza, lakini kuingia ni jambo moja na kukaa kusoma ni jambo jingine. Thibitisha utaratibu unaotumika wakati wako wa kusafiri katika ubalozi wa Ghana unaohudumia nchi yako, kisha ufuatilie kibali cha ukaazi cha mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji ya Ghana, ambacho ofisi ya programu za kimataifa ya chuo husaidia kukiombea ukiwasilisha barua ya kupokelewa. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 hutakiwa pia kujisajili na kupata kitambulisho cha wasio raia. Kibali cha masomo si kibali cha kazi, na kujitolea nje ya chuo kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi hata kama hulipwi, kwa hiyo iulize ofisi hiyo kabla ya kuanza. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni ya lazima, na chanjo yenyewe ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu mwaka 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote, hivyo kama ulishachanjwa zamani huna haja ya kurudia.

SWALI: Mwanangu wa kwanza anakwenda Legon mwezi ujao, na kabla ya hapo hajawahi kulala nje ya Mombasa zaidi ya wiki moja. Sisi ni Waislamu. Nina wasiwasi na chakula, ibada na usalama wake barabarani. – Mama, Mombasa

JIBU: Mama yetu, wasiwasi wako wa ibada uuweke kando kwanza. Waislamu ni takriban mtu 1 katika kila watu 5 nchini Ghana, na wana historia ndefu kaskazini mwa nchi na katika mitaa ya Accra kama Nima. Msikiti wa Taifa uliopo mtaa wa Kanda jijini Accra, uliozinduliwa mwaka 2021, hauko mbali sana na chuo. Chakula cha kuanzia kitakuwa waakye, yaani wali uliopikwa pamoja na kunde, ambao wauzaji wake wengi ni wanawake wenye asili ya kaskazini. Banku na fufu, ambavyo ni kama ugali wao, atavizoea polepole, na pilipili ya shito atailalamikia kisha ataiomba. Adabu ya mkono wa kulia uliyomlea nayo itamfaa sana, maana kumpa Mghana kitu kwa mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima.

Barabara ndiyo ya kuzungumza naye kwa makini. Kuanzia Agosti 1974 magari ya Ghana hupita upande wa kulia, tofauti na Kenya, na mtu aliyekua akiangalia kulia kwanza kabla ya kuvuka atajikuta akitazama upande usio na gari huku trotro, ambalo ndilo matatu lao, likimjia kutoka kushoto. Mwambie kwa wiki za mwanzo avuke na wenzake, na asipande gari usiku kwenda mikoani. Jambo dogo la mwisho: Ghana iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo ukimpigia saa tatu usiku kwako, kwake ni saa kumi na mbili jioni, na huenda bado yuko darasani. Asipopokea, usilie.

SWALI: Je, ni lazima nijue Kifaransa? – Msomaji, Tabora

JIBU: Hapana. Ghana hutumia Kiingereza katika masomo na serikalini. Kifaransa kitakufaa iwapo utavuka mpaka kwenda Togo, Côte d'Ivoire au Burkina Faso.

SWALI: Rafiki yangu alisoma ng'ambo muhula mmoja, na aliporudi idara yake ilikataa kutambua masomo mawili kati ya matano aliyofaulu. Nitajikingaje na hali hiyo nikienda Legon? – Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Kwa karatasi, na mapema. Kabla ya kuondoka, orodhesha masomo unayokusudia kusoma Legon, uyalinganishe moja baada ya jingine na yale ya chuo chako, na upate sahihi ya mkuu wa idara na ya mkuu wa kitivo. Ongeza masomo mawili au matatu ya akiba katika orodha hiyo hiyo, kwa sababu si kila somo hutolewa kila muhula, na ratiba zikigongana utalazimika kubadilisha. Ukibadilisha ukiwa huko, omba idhini ya idara yako kwa baruapepe kabla muda wa usajili haujafungwa, wala usisubiri kurudi nyumbani. Tunza muhtasari wa kila somo, wenye mada na saa za mihadhara, kwani jina la somo pekee halimshawishi mkuu wa idara aliye na shaka.

Alama nazo zina mtego wake. Legon daraja A huanzia alama 80, ilhali vyuo vingi vya Kenya na Tanzania huanzia 70. Mtu aliyepata 76 kule huandikiwa B+, na idara ikinakili herufi tu, atakuwa amepoteza A ambayo angeipata nyumbani kwa alama zile zile. Ikinakili namba, anaipata. Hakuna kanuni moja inayotumika kila mahali, kwa hiyo dai njia ya kubadilisha alama iandikwe katika makubaliano yale yale yenye sahihi.

Usikate tikiti ya kurudi siku inayofuata mtihani wa mwisho. Mwanzoni mwa mwaka 2022 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma vya Ghana waligoma kwa wiki kadhaa, na ratiba zikasogea. Nunua tikiti inayobadilishika, hata kama bei yake inauma kidogo, na kabla ya kuondoka chuoni ujaze fomu ya kuomba matokeo rasmi yatumwe moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako, maana kuyafuatilia kwa simu kutoka Eldoret kunachosha kuliko mtihani wenyewe.